Kompyuta za mtumba zifunguliwe BIOS kabla ya kupokelewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanaoleta kompyuta za mtumba hapa Moshi, na shule zinazozipokea kama msaada: zisikubaliwe zikiwa na nenosiri la BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) la mwenye mali wa kwanza.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Majengo. Tangu Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10, Oktoba 14, 2025, walimu wananiletea laptopu nzima kabisa ambazo Windows 11 inazikataa, ama prosesa ni ya zamani, ama hazina TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Kwa Linux, mfumo endeshi mwingine, zinafaa sana, tena ni bure. Nachomeka flashi yenye Linux, nabonyeza F12 ili mashine iwake kwa flashi hiyo, skrini inadai nenosiri lililowekwa na ofisi fulani ya Ulaya.

Kufomati diski hakusaidii, kwa sababu nenosiri hilo haliko kwenye diski. Kompyuta ikiwaka, kwanza inasoma BIOS, au UEFI iliyoirithi, iliyo kwenye chipu ya mazabodi (bodi kuu). Hiyo ndiyo huitafuta butiloda, programu inayoanzisha mfumo endeshi, ambayo kwa Linux mara nyingi ni GRUB, na GRUB ndiyo inayopakia kiini cha mfumo. Wakati mwingine nang'oa diski, naiwekea Linux kwenye mashine nyingine, kisha nairudisha, zipo zinazokubali. Lakini nenosiri likidaiwa tangu kuwasha, GRUB haifikiwi kabisa. Kung'oa betri ndogo ya mazabodi husaidia kwenye kompyuta nyingi za mezani. Laptopu nyingi za maofisini hazidanganyiki hivyo.

Wapo wanaodai Linux huzuiwa na Secure Boot, kinga inayoruhusu programu zenye saini inayotambulika tu mashine inapowaka. Sikubaliani nao: Ubuntu na Fedora, ambazo ni matoleo ya Linux, hupita, kwa kuwa huja na shim, programu ndogo yenye saini ya Microsoft. Ila cheti cha kidijitali cha 2011 kilichokuwa kikitia saini hiyo mwisho wake ni Juni 2026, na cha 2023 kinachokirithi hakimo kwenye mashine nyingi za zamani. Kukiongeza kwa mkono au kuizima Secure Boot, lazima uingie BIOS. Bila nenosiri huingii.

Mnunuzi, kabla hujatoa hela mwambie muuzaji awashe mashine na aingie BIOS mbele yako. Na wakuu wa shule, kwenye hati ya makabidhiano wekeni sharti kwamba mfadhili athibitishe nenosiri limeondolewa. Yeye hulifuta kwa dakika chache akiwa kwake. Mashine ikishafika Kilimanjaro, anayelijua hayupo.

Fundi wa kompyuta,
Majengo, Moshi