Uchaguzi wa Chile mlioupika jikoni kwenu

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu enzi za senti hamsini na sijawahi kuwasumbua kwa barua, hata ile siku mlipochapa picha ya waziri mmoja mkaiandikia jina la mwingine. Lakini ile makala ya Jumapili kuhusu "duru ya pili" ya uchaguzi wa rais wa Chile mwaka 1970, duru ambayo haikuwahi kupigwa, imenikwama kooni.

Sina ugomvi na mtu anayejiuliza ingekuwaje. Ila ukibadili jambo moja la historia, mengine yaache yalivyokuwa. Mwandishi wenu kazichota kura zote za Radomiro Tomic, aliyeshika nafasi ya tatu, akammiminia Jorge Alessandri, mgombea wa mrengo wa kulia, na urais akampa, kana kwamba wapigakura ni maji ya ndoo. Kura zilizopigwa kweli zilikuwa hivi: Salvador Allende, msoshalisti aliyeungwa mkono na wakomunisti, aliongoza kwa asilimia 36 na ushei, Alessandri akamfuata kwa 35 na ushei, wakipishana kura zipatazo 39,000. Tomic wa Demokrasia ya Kikristo alipata karibu 28. Na huyo Tomic aligombea kwa ahadi ya kutaifisha migodi ya shaba na kusukuma mbele mageuzi ya ardhi. Ukifumba macho ungedhani anayezungumza ni Allende. Matokeo yalipotoka alikwenda mwenyewe kumpongeza mshindi. Leo wafuasi wake wote mnawahamishia kwa mgombea wa wenye mashamba makubwa? Baadhi wangekwenda, sikatai, maana walikuwapo waliomwogopa mkomunisti kuliko shetani. Lakini wote, Mhariri?

Isitoshe, Katiba ya 1925 haikuijua hiyo duru ya pili. Asipopatikana wa kuvuka nusu ya kura, Bunge lilichagua kati ya wawili wa juu, na desturi ilikuwa kumpa aliyeongoza. Wachile walipiga duru ya pili kwa mara ya kwanza Januari 2000, Ricardo Lagos na Joaquín Lavín. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba "ingekuwaje" ya kweli ilikuwapo na mwandishi wenu hakuiona. Septemba ileile ya 1970 Alessandri alitangaza kwamba Bunge likimchagua atajiuzulu, uitishwe uchaguzi mpya, ili Eduardo Frei, rais aliyekuwa anamaliza muda wake, ambaye katiba ilimzuia kugombea vipindi viwili mfululizo, apate mlango wa kurudia. Njama hiyo ilikuwa na wapishi hadi Washington. Ilikwama. Tarehe 24 Oktoba wabunge 153 walimpigia Allende na 35 wakampigia Alessandri. Siku mbili kabla, Jenerali René Schneider, mkuu wa jeshi aliyeshikilia kwamba askari hawana kazi katika siasa, alipigwa risasi na waliotaka kumteka. Akafariki tarehe 25. Haya hayahitaji chumvi. Au kama mtu anataka kubuni kwa nguvu zote, arudi 1958, Alessandri alipomshinda Allende kwa kura 33,000 hivi huku padri wa zamani wa Catapilco, Antonio Zamorano, akiondoka na zaidi ya 41,000, nyingi za makabwela. Mtoeni padri huyo kwenye karatasi ya kura, kisha tuzungumze.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Jumanne nilikuwa kwenye kibanda cha chai, na kijana mmoja wa bodaboda akaniambia mbele ya watu kwamba Alessandri alitawala Chile kuanzia 1970 hadi 1976 na mapinduzi hayajawahi kutokea kule. Nikamwambia habari za tarehe 11 Septemba 1973 nilizisikia redioni nikiwa na akili zangu timamu: ndege za jeshi zimeishambulia ikulu ya La Moneda, Allende amekufa humohumo ndani. Akachomoa ushahidi. Ushahidi wenyewe ni ukurasa wenu, aliofungiwa vitumbua, umelowa mafuta mpaka maandishi ya upande wa pili yanaonekana. Nilitafuta mahali palipoandikwa kwamba ni hadithi ya kubuni. Nyinyi maneno hayo mmeyaweka chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, na kipande hicho ndicho mama wa vitumbua alichokichana. Wazee wenzangu wakacheka. Mmoja akanishika bega, akasema, "Pole mwalimu, umri huo." Nimefundisha Historia mpaka nikastaafu, Mhariri, nikapewa pole ya usahaulifu kwa sababu ya karatasi ya vitumbua! Na tuache mimi. Watu zaidi ya 3,000 waliuawa au wakapotezwa chini ya utawala wa Augusto Pinochet, jenerali aliyeshika nchi baada ya mapinduzi hayo, na ndugu wa waliopotezwa wamezeeka wakitafuta mifupa. Makala yenu inamstaafisha Pinochet kwa amani, kwa sentensi moja, kisha mwandishi anahamia kwenye bei ya shaba!

Na kwa kuwa nimeshashika kalamu: hizo herufi za sisimizi mnazitunza kwa ajili ya ukweli tu? Maana mganga wa kurudisha mpenzi aliyetoroka na kusafisha nyota mnampa robo ukurasa, herufi nene kama vidole vya mvuvi, namba ya simu naisoma bila miwani. Ukurasa wa barua nao mmeufinya ili apate nafasi. Hata hii yangu sijui mtaikata wapi.

Ninachoomba ni kidogo. Mkichapa tena uchaguzi wa kubuni, neno KUBUNI liwekwe juu ya kichwa cha habari, kwa wino mwekundu, kwa herufi za ukubwa uleule wa mganga, na lirudiwe katikati ya ukurasa, pale kitumbua kinapokaa. Mkiona wino mwekundu ni ghali, mwombeni mganga awachangie.

Mwalimu mstaafu,
Tanga