Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Shule Yetu Rafiki, Alta Verapaz, Guatemala

Ndugu wanachama,

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa ndugu zetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Mwaka wa shule wa 2025, ambao Guatemala huanza Januari na kuisha Oktoba, sehemu kubwa ya fedha zetu ilikwenda kwenye posho ya mtu mmoja: msaidizi wa mwalimu wa darasa la kwanza, binti wa kijiji hicho hicho, anayewafundisha watoto kusoma kwa Kiq'eqchi', lugha ya Kimaya ya wenyeji. Katika mkutano uliopita baadhi yenu mliuliza kama si afadhali tungejenga darasa jipya, jambo ambalo mtu anaweza kulipiga picha na kulionyesha. Swali hilo lilikuwa la haki, na sehemu kubwa ya taarifa hii ni jibu lake.

Kwa wanachama wapya: shule iko milimani, katika manispaa ya San Pedro Carchá, mkoa wa Alta Verapaz. Tuliifahamu kupitia familia za Kiguatemala tunaotumia nao jengo moja la kanisa hapa Marekani, sisi asubuhi kwa Kiswahili, wao alasiri kwa Kihispania. Baadhi yao kwao ni huko, na ndio waliotuombea ruhusa kwa wazee na kwa kamati ya wazazi.

Wakazi ni Waq'eqchi', mojawapo ya jamii za Wamaya. Guatemala ina lugha 22 za Kimaya, na katika sensa ya 2018 asilimia 41.7 ya wananchi walijitambulisha kuwa Wamaya. Katiba ya 1985 inataka maeneo yenye wakazi wengi wa asili yafundishwe kwa lugha mbili. Mkataba wa 1995 kuhusu utambulisho na haki za jamii za asili, uliotiwa saini wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea mwisho, ulirudia ahadi hiyo, na mwaka 2003 ikapitishwa sheria ya lugha za taifa. Sheria, basi, zipo. Lakini mwalimu aliyepangiwa darasa la kwanza katika shule yetu amekulia kwenye Kihispania, na watoto wanaoketi mbele yake Januari wanajua Kiq'eqchi' tu. Ni mwalimu mwenye moyo. Hata hivyo, moyo peke yake haumwezeshi mtoto wa miaka saba kuelewa anachoambiwa.

Mzee mmoja wa kamati yetu, aliyekulia Usukumani, alitueleza jinsi alivyoingia darasani bila neno la Kiswahili, akawa anasimama wenzake wakisimama na kuketi wakiketi. Nadhani maneno yake ndiyo yaliyoifanya kamati ipitishe posho hii bila mabishano. Wako wengi humu ndani wanaojua hali hiyo, wa Kongo na Kifaransa chao, wa Kenya na Kiingereza chao.

Matokeo yake? Waliokwenda mwezi wa Agosti waliwakuta watoto wakifanya hesabu kwa maharage na vijiti. Haragwe ni moja, kijiti ni tano, na kombe dogo ni sifuri. Ikitimia ishirini, namba inapanda ngazi ya juu. Ni hesabu ya Wamaya wenyewe, waliokuwa na alama ya sifuri karne nyingi kabla haijatumika Ulaya, na imo katika mtaala wa taifa. Msaidizi anawafundisha kwa Kiq'eqchi', kisha mwalimu anarudia hesabu ile ile kwa Kihispania, na sasa watoto wanajua anazungumzia nini. Mwalimu mkuu anasema kwamba miaka iliyopita baadhi ya watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakiacha shule kabla ya Pasaka, lakini mwaka huu wamebaki. Sitadai zaidi ya hapo, maana mwaka mmoja ni mfupi.

Katikati ya mwaka walimu wa shule za serikali waligoma kwa majuma kadhaa, na madarasa yakafungwa sehemu nyingi za nchi, pamoja na kwetu. Tuliulizwa kama tungependa kutuma watu wa kufundisha. Tulikataa. Mgogoro ule ulikuwa kati ya walimu na serikali yao, na mgeni hana haki ya kuingilia. Wazazi wenyewe waliamua kwamba vitabu vya hadithi vya Kiq'eqchi' tulivyonunua vihamishiwe ukumbi wa kijiji, na akina mama wakapeana zamu ya kukaa na watoto wakisoma. Baadhi yao hawajui kusoma. Walikaa hata hivyo, watoto wakawasomea.

Kuhusu maji. Mtu anayefika Cobán, mji mkuu wa mkoa huo, na kukuta manyunyu yasiyokatika hawezi kuamini kwamba pale kuna shida ya maji. Lakini milima ile ni ya mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha huzama kwenye mashimo na mapango, na juu hakibaki kitu. Wakati wa kiangazi watoto hutumwa mbali na madumu. Mafundi wa kijiji wamefunga mabomba ya kukinga maji ya paa na matangi mawili, nasi tukalipia vifaa. Jiko la shule nalo limepata bomba la kutolea moshi. Chakula chenyewe hatukigharamii, na ningependa ieleweke hivyo: tangu sheria ya lishe shuleni ya 2017, serikali hutoa fedha kwa kila mtoto kupitia kamati ya wazazi. Hatuna sababu ya kuibebea serikali mzigo ambao imekwisha kuukubali kisheria.

Mahudhurio ya Januari na Februari bado ni mabaya, na sababu yake iko jikoni kwenu. Ni iliki. Zao hili lenye asili ya India lilifika Alta Verapaz mapema karne ya 20, na leo Guatemala ndiyo inayoongoza duniani kwa kuiuza nje, nyingi ikienda Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kwa ajili ya kahawa. Uchumaji huanza miezi ya mwisho wa mwaka na kuendelea hadi baada ya shule kufunguliwa. Mkulima mdogo hana kikaushio, kwa hiyo huuza mbichi kwa madalali kwa bei wanayoitaja wao, na ili apate kitu lazima familia nzima ichume. Sioni vibaya mtoto kumsaidia mzazi wake shambani. Wengi wetu tumelelewa hivyo. Linaloniuma ni mtoto kupoteza majuma ya kwanza ya kujifunza kusoma kwa sababu ya dalali. Kamati ya wazazi inatafakari kikaushio cha pamoja. Wakituletea pendekezo, naomba tulisikilize.

Sasa kuhusu safari. Mwaka huu walikwenda wachache, wakakaa muda mrefu zaidi, na kila mmoja alifanya kazi aliyopangiwa na mwalimu mkuu. Rangi ya ukuta hupakwa na vijana wa kijiji, kwa ujira. Nauli ya ndege ya kikundi kizima ingelipa posho ya msaidizi kwa muda mrefu sana, na kila anayeomba kusafiri ninamtaka alitafakari hilo kabla ya kujaza fomu.

Marufuku ya kupiga picha za watoto inabaki. Wako wanaoiona kali, basi nieleze. Guatemala ilikuwa nchi iliyotoa watoto wengi kwenda kuasiliwa ng'ambo, tena kwa njia zenye rushwa na wizi, hata sheria mpya ikalazimika kutungwa mwaka 2007. Mwaka 1994, katika mji wa San Cristóbal Verapaz, mkoa huu huu, umati ulimpiga mwanamke wa Kimarekani nusura afe kwa uvumi kwamba anaiba watoto. Mama wa kijijini akimwona mgeni anamwelekezea mwanawe simu, hofu yake ina historia.

Kuhusu imani yetu: hatuhubiri darasani. Kijiji kina Wakatoliki, kina Waprotestanti, na kina wazee ambao kabla ya kupanda mahindi huiomba milima ruhusa kwa mishumaa na ubani. Watoto wa wote husoma pamoja, na msaada wetu hauulizi mtu anasali wapi. Jumapili tunasali na waumini wa huko wakitukaribisha, na hiyo ni furaha kubwa. Tusisahau kwamba wako Wakristo waliotangulia kufanya kazi hii kwa gharama ya damu. Juan Gerardi, aliyekuwa askofu wa Verapaz kuanzia 1967, alisisitiza ibada na mafundisho kwa lugha za wenyeji. Tarehe 26 Aprili 1998 aliuawa, siku mbili baada ya kuwasilisha ripoti ya kanisa kuhusu mateso ya vita vya 1960 hadi 1996, vita vilivyoua au kupoteza watu zaidi ya 200,000, wengi wao Wamaya. Kwa hiyo tunaposhughulika na kitabu cha Kiq'eqchi' mikononi mwa mtoto, tuko katika kazi ya kanisa.

Hesabu zote ziko katika taarifa ya mweka hazina. Kamati inauomba mkutano uidhinishe mambo mawili: posho ya msaidizi iahidiwe kwa miaka mitatu, ili binti huyu aweze kujiandikisha masomo ya ualimu ya mwisho wa juma bila wasiwasi, na nauli za wasichana wanaomaliza darasa la sita, maana shule ya kati iko mbali na wazazi wengi huishia kuwabakiza nyumbani.

Shule inafunguliwa Januari, na posho ya kwanza inatakiwa iwe imefika kabla ya hapo. Naomba michango ya Desemba isivuke tarehe 15.

Wenu katika Kristo,
Mwenyekiti