Kabla hujaimwaga hiyo oili

Morogoro

Kwako ndugu yangu Salumu,

Salamu nyingi, na hongera kwa gari. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili: Toyota IST ya mwaka 2003, kilomita 210,000, na fundi ameshakwambia Jumamosi aiflashi injini, yaani aioshe ndani kwa mkupuo, kisha atie oili nzito ya 20W-50 kwa sababu "imezeeka". Subiri kwanza.

Unaikumbuka Corolla yangu 110? Ile haikufa kwa uzee. Fundi alimwaga oili, akajaza dizeli, akaiwasha dakika tano, akamwaga tena. Ikatoka nyeusi tii, nami nikafurahi kweli. Siku ya tatu, nimeshaipita Chalinze, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikasema ni waya tu, nikakaza mwendo mpaka injini ikaanza kugonga. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilipofunguliwa, chujio la pampu lilikuwa limezibwa na tope. Nililichota kwa kidole: laini, kama masizi yaliyokandwa kwa samli. Uchafu uliojilalia humo miaka yote ulibanduka mabonge mabonge, ukaenda kuziba pale pale oili inapofyonzwa. Beringi za kranki, ule mhimili mkuu wa injini, zikaliwa. Gharama unaijua, wewe ndiye uliyenikopesha.

Kwa hiyo leo jioni fungua kifuniko cha kujazia oili, umulike ndani kwa tochi ya simu. Ukiona wekundu wa chai ya rangi tu, hakuna cha kuflashi. Ukikuta tope zito kama lami, ndiyo kabisa usiflashi, litoe polepole. Weka oili nzuri, tembea kilomita 1,500, mwaga, badilisha na filta, kisha rudia hivyo mara tatu au nne. Sabuni imo ndani ya oili yenyewe. Ikigeuka nyeusi mapema usishtuke, inaosha hiyo.

20W-50 waachie wenye injini zinazokula oili. Yako ni injini ya 1NZ yenye VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, na mfumo ule unaendeshwa na oili inayopita kwenye vitundu vyembamba. Oili yake ni 5W-30. Namba ya mbele, ile yenye W, inakueleza wepesi wa oili injini ikiwa ya baridi, yaani alfajiri unapoiwasha, na hapo ndipo vyuma husagana sana oili ikichelewa kupanda. Ya pili ni uzito wake injini ikishachemka. Najua utaniambia Tanga kuna joto. Sawa, ukikosa 5W-30 chukua 10W-30, lakini usivuke kwenda huko kwenye 50. Halafu soma kwenye galoni herufi za API, yaani daraja la ubora wa oili: SL au zilizokuja baada yake, SM, SN, SP. Hiyo S ndiyo ya petroli. Galoni lenye CI-4 peke yake ni la malori ya dizeli.

Injini inachukua lita 3.7 pamoja na filta, hivyo galoni la lita 4 litabakiza kidogo ya kuongezea. Kanunue mwenyewe, na ulifungue wewe. Magaloni yaliyojazwa upya yamezagaa siku hizi.

Nipigie picha sehemu ya chini ya kile kifuniko cha kujazia oili unitumie kabla ya Jumamosi. Msalimie shemeji na watoto, na ile safari ya Pangani bado naidai.

Ni mimi nduguyo,
Hamisi