Makala ya kufunga na seli: kipimo hakikuelezwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie makala mliyoitoa kuhusu kufunga na namna seli za mwili zinavyojisafisha, ambayo hapa Bagamoyo imejadiliwa sana barazani. Sina ugomvi na saumu, wala na jambo lenyewe. Autofagia, yaani utaratibu wa seli kuzifunga sehemu zake chakavu ndani ya utando na kuzipeleka kwenye lisosomu (vifuko vya seli vya kuvunjia taka) zikavunjwevunjwe na kutumika tena, ni elimu iliyothibitika, na Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuichunguza katika hamira. Ninacholalamikia ni kauli kwamba watafiti waliiona ikiongezeka baada ya saa 16 za kufunga, pasipo neno hata moja kuhusu waliionaje.

Mara nyingi maabara huifuatilia autofagia kwa kingamwili, yaani protini ya kinga ya mwili inayoshika kitu mahususi, na hapa hunasa protini iitwayo LC3. Nyingi kati ya kingamwili hizo hupatikana kwa kumchanja sungura kipande cha protini hiyo. LC3 ina sura mbili: LC3-I, inayoelea katika majimaji ya seli, na LC3-II, iliyounganishwa na mafuta na kushikamana na ule utando. Protini zikitenganishwa kwa umeme ndani ya jeli, zikahamishiwa kwenye karatasi maalumu na kuwekewa kingamwili, hutokea mistari miwili, na wa chini, ambao ni wa LC3-II, ndio unaotazamwa.

Hapo ndipo wengi hupotoka. Samaki wakirundikana sokoni, huenda wavuvi wamepata sana, na huenda pia wanunuzi hawakufika. Vivyo hivyo, mstari ukikolea, huenda utando unatengenezwa kwa wingi au lisosomu imeshindwa kuvunja kilicholetwa. Klorokwini, ile dawa iliyokuwa ikituwasha mwili kabla ya kuondolewa kuwa tiba ya kwanza ya malaria Tanzania Bara mwaka 2001, huukoleza mstari huo kwa kuizuia autofagia isikamilike. Ndiyo maana mtafiti makini huziweka seli zilizonyimwa chakula na zilizolishwa, kila kundi likiwa na sehemu iliyotiwa dawa ya kuzuia lisosomu na sehemu isiyotiwa, kisha akalinganisha tofauti zake. Huitazama pia protini ya p62, ambayo kwa kawaida hupungua autofagia inapoendelea vizuri, ingawa nayo haitoshi peke yake.

Kingamwili yenyewe nayo lazima ihojiwe. Ikiwa inaendelea kuonyesha mstari uleule katika seli zilizoondolewa jeni ya protini inayotafutwa, basi inanasa kitu kingine, hata kama kichupa chake kimenunuliwa kwa bei ya kutisha. Zipo zinazoishika LC3-II kwa nguvu zaidi kuliko LC3-I, na kwa hiyo kuilinganisha mistari hiyo miwili moja kwa moja hupotosha. Kuigandisha kingamwili na kuiyeyusha mara kwa mara huidhoofisha, na sisi tunaofanya kazi pwani tunajua umeme unavyoweza kukatika usiku.

Tena, sehemu kubwa ya ushahidi inatokana na hamira, seli za maabara na panya. Kwa binadamu aliye hai huchukuliwa aghalabu damu, au kipande kidogo cha msuli, na matokeo yake hayawezi kusemea ini au ubongo. Saa 16 kwa kila mtu, mzee kwa kijana, mgonjwa kwa mzima, zimetoka wapi?

Naomba basi mchapishe ufafanuzi katika ukurasa uleule, mkieleza sampuli zilikuwa za nani au za nini, na kama lisosomu zilizuiwa wakati wa kupima. Naomba pia muwatahadharishe wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari wasirefushe saa za kufunga kabla ya kuzungumza na daktari, kwa kuwa makala iliwahimiza wasomaji wote bila kuwabagua.

Mtaalamu wa maabara,
Bagamoyo