Kusini hatusomi? Tusome nini?

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu enzi ambazo wino wake ulibaki vidoleni, na sijawahi kukuandikia. Ningeendelea kunyamaza kama si ile taarifa yenu ya wiki iliyopita, kwamba sisi wa Mtwara na Lindi "hatuna mwamko wa kusoma". Mwandishi wenu alikwenda kuhesabu watu maktaba siku ya mnada wa korosho. Siku ya mnada! Siku hiyo hata kwenye bao hukuti mtu.

Naomba nami niulize: tusome nini?

Mjukuu wangu yuko kidato cha pili. Majuzi walipewa kazi ya nyumbani, kila mmoja achague nchi ndogo ya ukanda wa joto aandike historia yake, mila zake na viumbe wake. Wenzake wengi walikimbilia Jamaika kwa ajili ya muziki. Yeye akachagua Komoro, maana jirani yetu hapa Mikindani ni bibi wa Kingazija, mtu wa Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, na akizungumza na nduguze kwa simu unashika nusu ya maneno bila mkalimani. Nikamsindikiza kutafuta kitabu. Tulizunguka mji mzima tukapata kimoja, kinene, cha Kiingereza, kinachojigamba kueleza nchi zote za tropiki. Komoro imepewa mistari sita, nimeihesabu: langilangi (maua ya manukato), vanila, umaskini, mapinduzi. Juu yake wamebandika picha ya mibuyu ya Madagaska. Nadhani aliyeandika alilala Moroni, mji wao mkuu, siku mbili akisubiri ndege.

Basi mtoto akaenda kwa bibi na daftari lake. Bibi akamweleza Karthala, mlima wa moto uliomwaga majivu Ngazija mwaka 2005. Akamweleza ada, ile harusi kubwa ambayo mwanamume wa Ngazija asipoitimiza hahesabiwi mtu mzima barazani, hata mvi zimjae. Akamweleza gombesa, samaki ambaye wataalamu waliamini alikwisha pamoja na madinosaria, hadi mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na mwingine akapatikana Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro, mwaka 1952, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote na hawakumwona wa maana mezani. Mwaka 2003 akanaswa hapa hapa kwetu, pwani ya Kilwa. Mwisho akamweleza kwamba nyumba ya Ngazija ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia. Mtoto akaandika kurasa tano kwa mwandiko mzuri. Daftari likarudi limejaa wekundu. Pembeni ya habari ya nyumba mwalimu kaandika: "Si kweli. Nyumba ni ya mume." Chini kabisa: "Taja kitabu. Bibi si chanzo." Alama tatu kati ya ishirini! Na mwalimu huyu anafundisha katikati ya Wamakonde, Wamakua na Wamwera, watu ambao ukoo wao unafuata upande wa mama, halafu jambo hilo hilo likitoka visiwani analiona kioja. Aliyenakili Jamaika neno kwa neno alipata kumi na sita. Sasa huyo wangu mnategemea apende kusoma?

Na si Komoro tu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya madinosaria pale Tendaguru, mkoani Lindi, na wazee wetu ndio walioibeba kichwani hadi bandarini. Mjusi mmoja leo amesimama Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Mambo ya kumrudisha au kutomrudisha nawaachia wanasiasa. Lakini kitabu chake cha Kiswahili, cha kumpa mtoto wa Lindi mkononi, mimi sijakiona dukani. Tunacholetewa ni maboksi ya vitabu vya msaada. Nililofungua mimi lilikuwa na vitabu vinne vya namna ya kuteleza kwenye theluji.

Mwaka 1975 Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni, na siku 11 baadaye, 6 Julai, Komoro ikajitangazia wake, kisiwa kimoja, Maore, kikabaki kwa Wafaransa mpaka leo. Sisi tulifuata yote redioni. Msumbiji tunavuka Ruvuma tu, nao watoto wetu wanamjua mchezaji wa akiba wa Manchester kuliko mji wa Pemba, ule wa Cabo Delgado.

Nataka kitabu, Mhariri, na vipimo vyake ninavyo. Kurasa 80, Kiswahili, herufi za kuonekana na mzee, ramani ya kukunja, gundi isiyoachia kwa joto la huku. Bei isizidi kilo mbili za korosho ghafi, kwa bei ya mnada wa kwanza, si ule wa mwisho. Cha kwanza kiwe Komoro, cha pili Msumbiji ya kaskazini. Jaladani mibuyu sitaki.

Bibi yupo tayari kusimulia. Mwandishi wenu aje asubuhi, kabla jua halijawa kali, na asije mikono mitupu. Kilo ya sukari inatosha. Akitoka hapo ndipo apite maktaba kutuhesabu.

Karani mstaafu wa ghala,
Mikindani, Mtwara