Dada, neno "kurithi" nililisema nusu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu arobaini ya mama hupokei simu zangu, nami nimeamua kukuandikia hapa hadharani kwa sababu neno lililokuumiza nililisema mbele za watu.

Mwanao alikuwa akijikuna mikunjo ya viwiko hadi damu, mawifi zako wamekaa mkekani wanamtazama. Mmoja akauliza ugonjwa ule, pumu ya ngozi, umetoka wapi, nami nikakimbilia kujibu: "Ni wa kurithi, umetoka kwetu." Ulinyanyuka kimya, ukachukua mfuko wa dawa niliouleta, ya kupaka na ya kuvuta, ukautia motoni. Wiki mbili baadaye mpwa wangu alilazwa kwa kubanwa kifua na pumu. Machozi yako ninayaelewa. Moto ule bado sijaweza kuusamehe.

Nilichopaswa kusema ni hiki. Jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli, kuwemo mwilini ni jambo moja, na jeni kufanya kazi ni jambo jingine. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba makosa katika jeni ya filagrini, protini inayoimarisha tabaka la juu la ngozi, humweka mtu katika hatari ya pumu ya ngozi. Makosa hayo hupatikana zaidi Ulaya kuliko kwa watu wenye asili ya Afrika. Lakini hata jeni hiyo ikiwa nzima, seli za kinga zinapomwaga interlukini-4 na interlukini-13, kemikali ambazo seli hizo hupashana nazo habari, seli za ngozi hupunguza utengenezaji wa filagrini. Ngozi hukauka na kufunguka, vumbi na vijidudu huingia, na kinga huchachamaa zaidi. Kifuani, interlukini-13 hiyo hiyo huziamsha jeni za ute, nao ute mzito huziba njia za hewa. Kiswahili chetu, kinachoyaita magonjwa haya mawili kwa jina moja, pumu na pumu ya ngozi, kinaonyesha undugu ambao maabara nayo inaueleza.

Kwa hiyo hukumzalia mwanao hukumu. Ulimpa mwelekeo, labda, na baba yake naye huenda alimpa wake, jambo ambalo hakuna aliyeliuliza pale mkekani.

Ninajua uliogopa dawa ya kupaka kwa kuwa krimu za steroidi watu huzinunua kujichubua, na ni kweli kwamba zikitumiwa ovyo hufanya ngozi iwe nyembamba. Ila steroidi, ikipakwa kwa kipimo na kwa siku alizosema daktari, huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuzinyamazisha jeni zinazochochea uvimbe. Dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ndiyo maana inatakiwa kila siku hata mtoto anapocheza vizuri, kwa sababu kifua kilichotulia kwa nje kinaweza kuwa bado kinavimba ndani. Haya yote nilimuuliza daktari kabla ya kupanda basi. Sikuja na dawa za kubahatisha, wala sikuja kukuaibisha, na kama ungenipa dakika tano tu ningekueleza. Lakini ninakubali kwamba dakika tano hizo nilikuwa nimezitumia kuwajibu mawifi.

Wewe ndiye uliyenipaka mafuta ya nazi nyuma ya magoti kila usiku, ukinishika mikono nisijikune, hadi nikalala. Jeni zile ninazo mpaka leo, na ngozi imetulia. Ningeanzia hapo siku ile, ningekutaja wewe kwanza.

Nimenunua mfuko mwingine. Nitauleta mwenyewe Ijumaa, na mawifi wakiwepo nitaomba wakae, niyarudie haya mbele yao.

Mdogo wako.