Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Msimu wa 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji ya chama chetu cha wapenda rola kosta, yaani treni za michezo zinazopanda na kuteremka kwa kasi kwenye reli za bustani za burudani hapa Marekani, nawasalimu na kuwaletea taarifa ya msimu uliokwisha. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana, mabasi ya safari ya Ohio yalilipwa bila chama kukopa, na wanachama wapya wengi wametokea Louisville na Dayton, hasa ndugu zetu wa Kivu. Karibuni sana. Mmetukuta katikati ya ubishi juu ya rola ipi ni nzuri na kwa nini, na mkauingia bila kusubiri kuulizwa, na kamati imefurahi. Ubishi huo ndio nitakaouzungumzia zaidi leo, kwa sababu naamini ndio mali kubwa ya chama hiki.

Tuanze na misiba. Tarehe 28 Februari Kingda Ka ililipuliwa kwa baruti huko New Jersey. Ule mnara wa mita 139, ulioifanya iwe rola kosta yenye kimo kikubwa kuliko zote duniani tangu 2005, ulilala chini kwa sekunde chache, na sote tulitumiana video siku nzima. Kisha tarehe 2 Novemba bustani ya Six Flags America, Maryland, ikafunga milango moja kwa moja. Wanachama wetu wa Maryland na Washington wamepoteza bustani waliyokuwa wakiifikia baada ya kazi, na ndani ya geti lililofungwa imebaki Wild One.

Kwa wasioijua: Wild One ni rola ya mbao iliyojengwa 1917 huko Hull, Massachusetts, katika bustani ya Paragon Park, kwa michoro ya John Miller. Huyu ndiye fundi aliyesajili ubunifu wa gurudumu linalopita chini ya reli, lile linalozuia behewa lisichomoke kileleni. Karibu kila rola tunayopanda leo inamtegemea. Paragon Park ilipofungwa 1984 rola hiyo ilinunuliwa na kuhamishiwa Maryland, ikafunguliwa tena 1986. Ina zaidi ya karne moja na imekwisha kuokolewa mara moja.

Mwanachama wetu mmoja wa Silver Spring alisimama kwenye mkutano wa Julai akasema kwamba Kingda Ka haimuumi hata chembe. Alieleza: foleni ya saa mbili, safari isiyofika dakika moja, juu mara moja, chini mara moja, imekwisha. Kinachomuuma, alisema, ni Wild One, kwa sababu ukikaa behewa la mwisho unanyanyuliwa kitini kwenye vilima vya katikati, halafu kwenye ule mzunguko wa mwisho karibu na ardhi unabanwa ubavu kwenye ukuta wa behewa mpaka unamlalia jirani yako. Ukumbi ulipiga kelele za kumpinga. Mimi nilikuwa upande wake siku ile na bado nipo hapohapo. Kingda Ka ilikuwa kazi kubwa ya uhandisi, hilo silibishi, lakini sijasikia hata mmoja wetu akiielezea kwa kirefu hivyo. Wote wanataja kimo na mwendo, kilomita 206 kwa saa, kisha wananyamaza.

Hilo linanileta kwenye uamuzi uliolalamikiwa kuliko yote mwaka huu, yaani kusimamisha kura ya Kumi Bora, ile ya kuchagua kila mwaka rola kumi tunazozipenda zaidi. Kamati ilipopitia fomu za miaka iliyopita iliona majina yaleyale kila mwaka: Steel Vengeance, Fury 325, El Toro, The Voyage. Ni rola nzuri zote. Lakini Wild One haikuwahi kuingia, kwa kuwa kila aliyeipenda alikuwa peke yake kwenye fomu yake, na hesabu ikamfuta. Kibaya zaidi, baadhi ya wajazaji walikuwa wamezipanga juu rola wasizowahi kuzipanda, wakifuata sifa walizozisikia. Kura inatuonyesha pale tunapokubaliana, na hapo hatujifunzi kitu. Badala yake tumefungua Daftari la Maoni. Kila mwanachama anaandika rola aliyoipanda, kiti alichokaa, saa, hali ya hewa, na kilichompata mwilini. Hakuna alama, hakuna nafasi ya kwanza wala ya kumi.

Wapo waliouliza kwa nini tunasumbua watu kuandika kiti na saa. Jibu ni kwamba nusu ya ubishi wetu unatokana na watu wawili kupanda kitu kimoja wakapata vitu viwili. Treni ikifika kileleni, behewa la mbele linaning'inia kidogo likisubiri uzito wa wenzake uvuke. Behewa la nyuma halisubiri: linavutwa na yaliyokwisha kuteremka, linavuka kilele kwa kasi, na mpandaji anang'olewa kitini. Anayekaa juu ya ekseli anapigwa na kila kiungo cha reli, na anayekaa kati ya ekseli mbili hapigwi hivyo. Rola ya mbao asubuhi ni nzito. Jioni, grisi ikishapata joto la siku nzima, inakimbia. Sasa mtu aliyepanda saa nne asubuhi mbele akigombana na aliyepanda saa tatu usiku nyuma, wanagombania nini?

Mfano wetu mkubwa ni The Beast ya Kings Island, bustani ya Ohio, maana hakuna iliyoandikwa zaidi kwenye Daftari. Ilifunguliwa 1979 na mpaka leo ndiyo rola ya mbao ndefu kuliko zote, kilomita mbili na robo za reli ndani ya msitu, safari ya zaidi ya dakika nne. Inaheshimiwa kama mzee wa ukoo. Mwaka huu vijana watatu wa Cincinnati waliandika, kila mmoja kivyake, kwamba inachosha: kilima cha kwanza kizuri, kisha breki za njiani zinaikaba, kisha unapanda kilima cha pili polepole ukitazama miti. Wazee walikasirika. Niliwaomba wale vijana waandike tena baada ya safari ya Oktoba, usiku, viti vya nyuma. Wawili walibadili maneno. Waliandika juu ya giza la msitu lisilo na taa hata moja, na jinsi treni inavyoshuka kutoka kilima cha pili na kuingia kwenye ule mzunguko mkubwa uliofunikwa, mbao zikiguruma pande zote huku bega likibanwa ukingoni. Wa tatu hakubadili hata neno. Aliandika kwamba gizani inachosha vilevile, tofauti ni kwamba huoni. Maoni yake yapo Daftarini, hayajaguswa, na naomba mzee yeyote asimfuate kijana huyu kumshawishi. Amepanda, amekaa, ameeleza. Amemaliza kazi yake.

Nina neno kuhusu heshima. Mama mmoja wa Louisville, mtu mzima mwenye wajukuu, alituambia kwamba rola ya Millennium Force imempa raha ya macho tu. Kijana akamjibu mbele ya watu, "Mama, wewe rola huzijui." Kijana huyo alikwisha kumwomba radhi mama, na jambo limekwisha baina yao, lakini nalisema hapa ili lisirudiwe. Tena mama alikuwa na hoja. Millennium Force ilipofunguliwa Cedar Point, bustani ya Ohio kando ya Ziwa Erie, mwaka 2000, yenye mita 94 na kilomita 150 kwa saa, ilikuwa ya kwanza ya mzunguko kamili, yaani reli yake inazunguka mpaka ilipoanzia, kuvuka mita 90. Inavutwa juu kwa kebo badala ya mnyororo, kwa hiyo hata kule kupanda ni kwa haraka, na mteremko wake wa kwanza sijaona mtu asiyeusifu. Baada ya hapo inapinda, inalala ubavu, inapinda tena. Kasi ipo, ziwa unaliona, upepo unakutoa machozi, ila mahali pa kunyanyuka kitini ni pachache. Anayependa kuruka hatoshelezwi. Mama anapenda kuruka. Aliyasema hayo kwa maneno machache kuliko mimi.

Mimi mwenyewe, kama wengi mnavyojua, katika bustani hiyohiyo naichagua Magnum. Nasema hivi kama mwanachama, si kama mwenyekiti. Magnum XL-200 ilifunguliwa 1989 na ndiyo ya kwanza duniani ya mzunguko kamili kupita futi 200. Watu wanaiona ya kizamani na yenye kuumiza, na mapaja yangu yanakubaliana nao. Lakini vile vilima vya kurudi kando ya Ziwa Erie havikupindwa kwa mviringo laini kama wanavyopinda wahandisi wa leo. Vina ncha. Treni inavuka ncha, wewe unaendelea kwenda juu, chuma cha mapajani kinakudaka, na kabla hujakaa sawasawa kilima kingine kimefika. Hakuna rola mpya itakayojengwa hivyo tena, kwa sababu kompyuta ya leo isingeruhusu. Ndiyo sababu naipenda, na ndiyo sababu nahofia siku itakapowekwa kwenye orodha ya kubomolewa huku sisi tumeandika tu kwamba inashika nafasi ya 37.

Na hofu hiyo haikutoka hewani. Wanachama wapya labda hamjui kwamba pale Cedar Point ilipo Steel Vengeance palikuwa na Mean Streak, ya mbao tupu, iliyofunguliwa 1991 na kufungwa 2016. Mbao zake nyingi zimebaki kubeba reli ya chuma ya Steel Vengeance iliyofunguliwa 2018. Karibu kila mtu anasema mageuzi yale yalikuwa baraka, kwa kuwa Mean Streak ilikuwa ikitikisa meno. Fundi mmoja wa ujenzi kutoka Columbus, aliyezaliwa Tanga na ambaye kazi yake ni mbao, aliandika kurasa mbili kuipinga kauli hiyo. Anasema Steel Vengeance inamnyanyua mara nyingi mno mpaka mnyanyuko mmoja haumpi tofauti na mwingine, na kwamba Mean Streak ilikuwa na mlio wa jengo zima likifanya kazi, mlio ambao reli ya chuma imeuondoa. Sikubaliani naye kuhusu Steel Vengeance, ambayo kwangu ni kazi ya ajabu. Lakini ni yeye peke yake aliyetukumbusha kwamba kampuni ya Charles Dinn iliyojenga Mean Streak ndiyo hiyohiyo iliyoihamishia Wild One Maryland, na kwamba Dinn huyohuyo ndiye aliyesimamia ujenzi wa The Beast na uhamisho wa Phoenix, rola ya mbao nitakayoitaja mwishoni. Kwenye orodha ya kumi bora kurasa zile zisingeandikwa.

Kuhusu Siren's Curse, rola mpya iliyofunguliwa Cedar Point mwezi Juni, maoni bado ni machache. Treni inapanda karibu mita 49, inasimama mahali reli ilipokatika, kisha kipande chote kinainama nayo mpaka mnatazama ardhi kichwa chini, kinaungana na reli ya mbele, mnaachiwa. Wengi wameandika kuhusu kuinama kule tu. Binti mmoja wa Indianapolis amesema kinyume, kwamba kule kuinama ni kusubiri na utamu uko kwenye vijilima vya baadaye ambavyo hakuna anayevitaja. Tunahitaji wengine waliopanda waandike kabla maoni ya watu hayajagandamana kuwa msemo mmoja.

Mambo mawili ya mwisho.

Tawi la Indianapolis limeleta pendekezo la kuirudisha kura ya Kumi Bora sambamba na Daftari. Kamati inalipinga, nami nimekwisha kueleza sababu, lakini pendekezo limefuata katiba na litapigiwa kura leo baada ya chakula. Msemaji wa tawi atapewa muda sawa na wangu.

Safari kubwa ya 2026 itakuwa bustani ya Knoebels, Elysburg, Pennsylvania. Kuingia ni bure na unalipia kila mchezo unaopanda, kwa hiyo wazee na wasindikizaji wasiopanda hawatagharimika getini. Tunakwenda kwa ajili ya Phoenix, ya mbao, iliyojengwa San Antonio 1947 na kuhamishiwa hapo 1985. Ina mita 24 tu. Chuma chake cha mapajani kinafungika mahali pamoja, hakikubani, na kila kilima kinakutenga na kiti. Hii inasifiwa na karibu kila mpenzi wa rola nchini, mimi nikiwa mmojawapo, kwa hiyo atakayeteremka akaiona ya kawaida, huyo ndiye ninayetaka kusoma kurasa zake kwanza. Majina yaandikwe kwa katibu kabla ya mwisho wa Machi, na wenye watoto wadogo wataje umri na kimo cha mtoto, ili tujue mapema nani atapanda na nani atabaki na bibi yake kwenye vibanda vya chakula.